Kasi ya bwawani na kasi ya ziwani: pata hesabu yako kabla ya kuingia Ziwa Victoria

Swali hili haliishi: bwawani naogelea kilomita moja kwa dakika 25, Jumamosi tukaenda ziwani nikatoka na 31, je, nimelegea? Wanauliza watu wa Kisumu waliojifunzia kwenye mabwawa ya hoteli, wanauliza wa Kakamega, na wale wa Nakuru wanaoteremka huku mara moja moja ndio huuliza kwa uchungu zaidi. Hujalegea. Dakika hizo sita zina mahali zilipokwenda, na nyingi unaweza kuzipima ukiwa bado bwawani. Fuata hatua zilizo hapa chini, uingie ziwani ukiwa na nambari yako mwenyewe ya kupangia mwendo.

Sikuandika kwa mtu anayejifunza kuelea. Kama huwezi kuogelea mita 800 mfululizo bila kushika ukuta, endelea na bwawa kwanza. Ziwani hakuna ukingo wa kushika ukichoka.

Kwa nini muda hubadilika

Nitasema kwa ufupi. Katika bwawa la mita 25, kilomita moja ni safari 40 na kugeuka mara 39. Kila ukigeuka unausukuma ukuta kwa miguu, na mwendo wa kasi kuliko wote utakaoupata majini ni ule wa sekunde chache baada ya kusukuma. Ukuta huo huo unakupa mapumziko mafupi ya mabega ambayo hata huyahisi. Juu ya hayo, mstari mweusi chini unakunyoosha, maji yametulia, na huna haja ya kuinua kichwa kutafuta njia. Ziwani vyote hivyo vinaondoka kwa mpigo.

Hata mabingwa hawaepuki. Mchukue Mjerumani Florian Wellbrock kwa mwaka mmoja tu, 2021. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, bwawa la mita 50, aliogelea mita 1,500 kwa dakika 14 na sekunde 40.91. Desemba mwaka huo, Abu Dhabi, bwawa la mita 25, akapiga umbali ule ule kwa 14:06.88, rekodi ya dunia. Ni mtu yule yule, na sekunde 34 zimepatikana hasa kwa sababu kuta zimeongezeka. Na katika maji ya wazi huko huko Tokyo alishinda dhahabu ya kilomita 10 kwa saa 1, dakika 48 na sekunde 33.7. Ukigawa kwa kila mita 100, unapata takriban sekunde 56.5 bwawa fupi, 58.7 bwawa refu, na 65.1 majini wazi. Kilomita 10 ni ndefu zaidi, kwa hiyo sehemu ya pengo hilo ni uchovu na mbinu za mashindano. Lakini kama yeye anapungua, wewe na mimi tusitarajie muujiza.

Kitu kingine: ukimsikia mtu wa Mombasa akisema majini wazi ni rahisi kwa kuwa unaelea, anasema kweli kuhusu kwao. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi kwa karibu asilimia mbili na nusu, nayo hukuinua nyonga. Ziwa Victoria halina chumvi. Litakubeba sawasawa na bwawa la hoteli, basi.

Unavyohitaji

- Bwawa ambalo unaweza kulitumia saa ambayo watoto hawajajaa. Asubuhi ya siku ya kazi ndiyo bora.
- Futi ya fundi, ile ndefu ya mita 30 au 50. Azima kwa fundi wa ujenzi.
- Saa ya kuhesabu sekunde. Ya simu inatosha kama kuna mtu wa kukubonyezea.
- Miwani miwili ya kuogelea: ya kioo cheupe kwa bwawa na mawingu, na ya kioo cheusi kwa jua la ziwani.
- Kofia ya rangi kali. Chungwa, njano au waridi. Nyeusi na buluu acha nyumbani.
- Boya la kujifunga kiunoni, lile la rangi ya chungwa linalokufuata nyuma. Halikupunguzii kasi ya maana, na mwenye injini anakuona.
- Mafuta ya kupaka shingoni na kwapani. Vaselini ya kawaida inatosha.
- Mashua yenye mtu anayejua kuiendesha, na jaketi la kuokoa maisha la ziada ndani yake kwa ajili yako.
- Daftari. Usitegemee kumbukumbu.

Hatua

1. Pima bwawa lenyewe.

Usicheke. Mabwawa mengi ya hoteli hayana mita 25. Mengine yana 18, mengine 20, mengine yamepinda kama figo na hakuna ajuaye urefu wake. Vuta futi kutoka ukuta hadi ukuta, kwenye mstari unaoogelea, si pembeni mwa bwawa. Ukihesabu safari 40 katika bwawa la mita 18 umeogelea mita 720, na ile “kilomita ya dakika 20” uliyokuwa ukijisifia haikuwahi kuwa kilomita. Watu wengi waliodhani ziwa limewavunja, ni bwawa ndilo lilikuwa limewadanganya tangu mwanzo.

Bwawa la mita 20 linataka safari 50, la mita 18 safari 56 kasoro kidogo. Andika daftarini.

2. Pata muda wako wa kawaida wa bwawani.

Pasha mwili kwa mita 200 za polepole, pumzika dakika mbili, kisha ogelea mita 1,000 mfululizo kwa mwendo wa sawasawa. Mwendo unaofaa ni ule ambao mtu akikuuliza jina lako ukutani, ungelitaja kwa pumzi moja lakini usingetaka kuendelea kuzungumza. Geuka ulivyozoea, kwa kupinduka au kwa kugusa na kusukuma. Mtu mwingine ahesabu safari, maana ukijihesabia mwenyewe, baada ya ya ishirini utaanza kujihurumia.

Tuseme umepata dakika 25 kamili. Hiyo ni dakika 2 na sekunde 30 kwa kila mita 100. Tutatumia mfano huu hadi mwisho.

Kwa walio Nakuru: mko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kisumu ni kama 1,130. Hewa yenu ni nyepesi, na pumzi huisha mapema. Muda wenu wa bwawani unaweza kuwa mbaya kidogo kuliko uwezo wenu halisi, kwa hiyo mkiweza, rudieni jaribio hili katika bwawa la Kisumu siku moja kabla ya ziwa.

3. Ogelea tena bila ukuta.

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Siku nyingine, ukiwa umepumzika, rudia mita 1,000 zile zile, ila usiguse ukuta hata mara moja. Ukifika karibu, mkono ukinyooka uwe unakaribia kugusa vigae, vuta magoti, zungusha mwili majini, lala tena kifudifudi na uanze kuogelea kutoka kusimama kabisa. Usikanyage chini upande wa kina kifupi.

Utashangaa. Safari chache za mwanzo ni mchezo. Kufikia ya kumi na tano utaanza kuyahisi mabega, na utajua kwamba zile mita nne au tano ulizokuwa ukiteleza bure baada ya kila kusukuma zilikuwa pia ndizo likizo ya mikono yako.

Tahadhari: kosa la kawaida ni kugeukia mita mbili au tatu kabla ya ukuta. Ukifanya hivyo unajikatia mita nne hadi sita katika kila safari, na jaribio zima linakuwa uongo. Karibia ukuta kabisa.

Tuseme sasa umepata dakika 27. Hizo dakika mbili ndizo deni lako la ukuta. Kwa haki, jaribio hili linazidisha chumvi kidogo, kwa sababu ziwani hutakuwa ukisimama na kuanza upya mara 39. Lakini ziwani kuna mengine ambayo bwawa halina, kwa hiyo ichukue nambari hiyo kama ilivyo.

Mwenye kupinduka vizuri ukutani atapoteza zaidi hapa kuliko mwenye kugusa na kusukuma polepole. Ndiyo maana unaweza kumwona mwenzako anayekushinda bwawani kila siku ukiwa naye bega kwa bega ziwani.

4. Jua unapinda upande gani.

Tafuta leni tupu au sehemu ya bwawa isiyo na mtu. Anza katikati, fumba macho, piga mikono kumi na miwili kwa utulivu, kisha fumbua. Mtu asimame ukingoni akuzuie usigonge kichwa. Rudia mara nne au tano. Karibu kila mtu hupinda upande mmoja, na mara nyingi ni upande ule ule kila mara. Sababu kubwa ni kupumua upande mmoja tu, au mkono mmoja kuvuka mbele ya kichwa badala ya kuingia mbele ya bega.

Rekebisha mkono kwanza. Kisha jizoeze kupumua pande zote mbili, angalau kwa mita 200 za kila zoezi. Hata ukiendelea kupenda upande mmoja, siku mawimbi yatakapokuwa yanakuja upande huo utahitaji mwingine.

5. Jifunze kuchungulia.

Majini wazi lazima utazame mbele. Ukiinua kichwa chote, miguu inazama, na umejifungia breki. Njia nzuri ni ya kiboko: macho tu ndiyo yanatoka, pua na mdomo vinabaki majini. Tazama wakati mkono mmoja umeshatangulia mbele na unaanza kukandamiza maji, kisha geuza kichwa upande upumue kama kawaida. Usijaribu kutazama na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja ukiangalia mbele. Utakunywa maji.

Bwawani weka chupa ya rangi mwisho wa leni, uitazame kila baada ya mikono minane. Fanya mita 400 za namna hiyo kila wiki hadi shingo izoee. Ukiona miguu inapiga maji kwa fujo kila unapotazama, umeinua kichwa kupita kiasi.

6. Chagua maji, saa na watu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa la hatua ya 2 linakugharimu dakika na kosa la hapa linaweza kukugharimu maisha.

Mahali kwanza. Dunga na Hippo Point, fukwe za karibu na mji wa Kisumu, ni pa kula samaki na kutazama jua likizama. Si pa mazoezi. Viboko wapo, na kwenye mafunjo huwezi kumwona hadi umemfikia. Maji ya karibu na mji na kwenye midomo ya mito hubeba uchafu, na sehemu ya ndani ya Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa ulioingia hadi Kisumu, ina kina kifupi, gugumaji linalohamahama na upepo, na nyakati nyingine mwani wa kijani mzito kama rangi ya mafuta iliyomwagika. Ukiona maji ya namna hiyo, panda gari urudi nyumbani. Hakuna jaribio siku hiyo. Maji mazuri zaidi yako nje, upande wa Rusinga, Mbita, Mfangano na Takawiri, ambako ziwa limefunguka na kuna fukwe za mchanga. Hata huko, waulize wavuvi wa ufuo huo habari za mamba na viboko wiki hiyo. Kila ufuo wa wavuvi una kamati yake ya kuusimamia, iitwayo BMU (Beach Management Unit). Nenda ujitambulishe, sema unataka kuogelea wapi na saa ngapi. Watakwambia mambo ambayo hakuna ramani inayo.

Ziwa Nakuru lenyewe usilifikirie. Ni la magadi na liko ndani ya hifadhi.

Saa. Usiku hadi asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka ukavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Wavuvi wa matanga wameishi kwa ratiba hiyo: wanatoka alfajiri na upepo wa mgongoni, wanarudi alasiri na upepo wa mgongoni tena. Kwako maana yake ni kwamba maji hutulia zaidi asubuhi, na alasiri kuna mawimbi mafupi yanayofuatana haraka, na radi za ukanda huu hupenda kuanza wakati huo huo. Ogelea kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Kabla ya hapo mashua za omena, yaani dagaa, zinarudi, wavuvi wamekesha na taa usiku kucha, na hawatarajii kichwa cha mtu majini. Isitoshe, alfajiri na magharibi ndizo saa za kiboko kutembea. Ngurumo ya kwanza ukiisikia, hata ya mbali, toka.

Kumbuka pia kwamba upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu unakusukuma kwenda mbali na ufuo. Maji yakiwa yametulia karibu na mchanga, hutauhisi hadi unapogeuka kurudi.

Kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye majani ya kando, maji yaliyosimama. Usisubiri wala kupasha mwili ukiwa umesimama kwenye matete. Panda mashua, ingia majini kwenye kina, toka kwenye kina, jifute kwa taulo mara moja. Hiyo inapunguza hatari, haiiondoi. Nenda hospitali ukapimwe wiki sita hadi nane baada ya kuogelea, hata kama hujisikii vibaya. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na mhudumu wa afya ndiye atakayekupa kipimo kwa uzito wako.

Watu. Usiogelee peke yako, hata ukiwa bingwa. Mashua ikae upande ambao upepo unaelekea, ili ikisukumwa isikujie juu na moshi wa injini usikupate.

7. Weka njia iliyopimwa.

Huhitaji kilomita moja iliyonyooka. Mita 250 zinatosha, uende na kurudi mara mbili. Chukua mitungi miwili ya lita 20, ifunge vizuri, kila mmoja uwe na kamba na jiwe zito. Tumia simu au kifaa chenye GPS ndani ya mashua kupima umbali kati yake. Njia iwe sambamba na ufuo, nje ya majani, mahali ambapo mwenye mashua anaweza kukufikia kwa sekunde chache.

Halafu funga kitambaa chekundu juu ya kila mtungi. Hili si pambo. Wavuvi hutumia mitungi hiyo hiyo kuonyesha nyavu zao zilipo, na kutoka usawa wa maji mtungi wa njano mmoja ni sawa na mwingine. Ukiukosea wako ukaelekea wa mvuvi, umepoteza muda, na huenda ukaingia kwenye wavu au kamba ya ndoana. Kabla ya kuingia, simama kwenye mashua uangalie ni mitungi mingapi mingine iko karibu.

Chagua pia kitu kirefu nyuma ya kila alama: mti, mnara wa simu, paa la bati linalong’aa. Wimbi likiuficha mtungi, utaelekea huko.

8. Ogelea jaribio.

Dakika tano za mwanzo usihesabu muda. Zunguka mashua polepole, pumua ndani ya maji, ruhusu mwili ukubali kwamba huoni chini. Maji ya Ghuba ni ya udongo. Mkono wako mwenyewe ukiunyoosha unaweza usiuone. Hofu inayokuja hapo ni ya kawaida, na ndiyo inayowafanya watu waogelee mita 200 za kwanza kama wanakimbizwa.

Anza kwa kwenda kinyume cha upepo. Ukianza nao, utajiona bingwa, na nguvu zitaisha wakati wa kurudi. Ogelea kwa pumzi ile ile ya hatua ya 2, si kwa kasi ile ile. Tazama kila mikono minane, na maji yakiwa na mawimbi kila sita. Usiangalie saa. Mtu wa mashua aandike muda wa kila mita 250.

Usiogelee nyuma ya mwenzako. Maji aliyoyavunja yanakuvuta, na nambari utakayopata si yako.

9. Hesabu pengo.

Tuseme umetoka na dakika 31. Gawa 31 kwa 25: unapata 1.24. Hiyo ndiyo nambari yako kwa siku hiyo na hali ile ya maji. Ukiambiwa kesho uogelee kilomita mbili hapo, hesabu dakika 62, si 50, na uwe na chakula na mashua ya dakika 62.

Sasa zitafute zile dakika sita. Mbili ulishaziona: deni la ukuta, kutoka 25 hadi 27. Kwa mwendo huo wa 27, kila mita 100 inakuchukua dakika 2 na sekunde 42. Kama ulipinda ukaogelea mita 1,100 badala ya 1,000, umetumia karibu dakika tatu nyingine, umefika 29 na sekunde 42. Dakika moja na kidogo iliyobaki ni kuchungulia, mawimbi, na hofu ya mwanzo. Ndiyo hayo. Mara nyingi mpotezaji mkubwa ni kupinda, na ndiyo habari njema, kwa sababu kunyooka hakuhitaji mapafu mapya.

Linganisha pia mita 250 za kwenda na za kurudi. Watu hudhani upepo unaokuchelewesha ukienda utakulipa ukirudi. Haulipi wote. Mtu anayeenda mita 40 kwa dakika, akikutana na maji yanayosogea mita 10 kwa dakika, atatumia dakika 16 na sekunde 40 kwa mita 500 za kupinga na dakika 10 za kufuata. Jumla ni 26:40, wakati maji yaliyotulia yangempa 25. Unapigwa kwa muda mrefu kuliko unavyosaidiwa.

Rudia jaribio siku tofauti, uandike upepo na hali ya maji kando ya kila nambari. Utapata nambari mbili: ya ziwa tulivu na ya ziwa lenye mawimbi. Zitumie hizo, na za rafiki yako mwachie mwenyewe.

Ikikwama

*GPS ya mkononi inasema nimeogelea mita 1,400.* Mawimbi ya redio hayapenyi maji vizuri, na mkono wako hushinda chini ya maji nusu ya muda. Saa inakisia. Iweke chini ya kofia, nyuma ya kichwa, au ndani ya boya la kiunoni kama lina mfuko usioingiza maji. Bado mitungi iliyopimwa ndiyo ya kuaminiwa.

*Muda wa ziwani umekuwa mzuri kuliko wa bwawani.* Usisherehekee. Mtungi mmoja umeburuta jiwe na kusogea, au uliogelea upande mmoja tu na upepo, au bwawa lako hukulipima. Nimeona yote matatu.

*Pumzi inakata dakika tatu za mwanzo.* Umeanza haraka. Geuka ulale chali ukiwa umeshikilia boya, toa pumzi ndefu mara kumi, anza upya kwa mtindo wa chura hadi moyo utulie. Ikijirudia kila mara, au ukihisi kifua kubana, toka na umwone daktari kabla ya kurudi majini.

*Nanyweshwa na mawimbi.* Pumua upande ambao mawimbi hayatoki. Kama yanatoka mbele, inua mkono juu zaidi na fupisha mpigo. Kuteleza kwa muda mrefu kama bwawani hakusaidii hapa, wimbi linakukuta ukiwa umesimama.

*Naendelea kupinda hata baada ya hatua ya 4.* Ongeza kuchungulia hadi kila mikono minne kwa wiki chache. Utapoteza kidogo kwa kuinua macho na kuokoa zaidi kwa kunyooka. Angalia pia kamba ya boya. Ikiwa imefungwa ubavuni badala ya mgongoni inakuvuta.

*Miwani inaingia ukungu.* Usiipanguse ndani kwa kidole, unaondoa utando wake. Tone la shampuu ya watoto, suuza, vaa ikiwa na unyevu.

*Shingo imechubuka.* Ni kwa kugeuza kichwa mara nyingi juu ya kola au kamba. Vaselini kabla ya kuingia, na wanaume wanyoe ndevu siku moja kabla, si asubuhi ile ile.

*Mwenye mashua anataka kuondoka kabla sijamaliza.* Toka naye. Mitungi mtaifuata kesho yake.